Serikali nne za muda mfupi katika majimbo ya Australia, 1907–1921: uchague ipi kwa utafiti wako?

Majimbo sita yaliyoungana tarehe 1 Januari 1901 kuunda Shirikisho la Australia hayakuvunja serikali zao. Kila moja lilibaki na bunge lake, gavana wake aliyeteuliwa kutoka Uingereza, na baraza la mawaziri lililoongozwa na mtu ambaye hapa nitamwita waziri kiongozi, kwa cheo kilichokuwapo Zanzibar hadi mwaka 2010. Vyama vilikuwa bado vinajipanga, na chama cha wafanyakazi, kiitwacho Labor, kilikuwa kimeingia bungeni kama kambi ya tatu na kuvuruga hesabu za kambi mbili za zamani. Ndiyo maana serikali kadhaa ziliapishwa na kuondoka kabla mawaziri hawajazoea ofisi zao. Mwanafunzi anayetafuta kisa cha tasnifu, au mwalimu anayetaka mfano wa kufundishia kura ya kutokuwa na imani na madaraka ya kuvunja bunge, hukuta visa vingi kuliko anavyoweza kutumia.

Nimechukua vinne. Cha kwanza ni serikali ya Robert Philp katika jimbo la Queensland, iliyodumu kuanzia tarehe 19 Novemba 1907 hadi tarehe 18 Februari 1908. Cha pili ni ya John Earle katika Tasmania, tarehe 20 hadi 27 Oktoba 1909. Cha tatu ni ya Hal Colebatch katika Australia Magharibi, tarehe 17 Aprili hadi 17 Mei 1919. Cha nne ni ya George Fuller katika New South Wales, iliyokaa takriban saa saba tu tarehe 20 Desemba 1921. Nimeiacha serikali ya Anderson Dawson ya Desemba 1899, ingawa ni maarufu kwa kuwa serikali ya kwanza ya Labor popote duniani, kwa sababu wakati huo Queensland ilikuwa bado koloni na karne ya ishirini haijaanza. Nimeiacha pia ya George Elmslie wa Victoria, ya tarehe 9 hadi 22 Desemba 1913, kwa sababu mambo mengi ambayo ingemfundisha msomaji atayapata katika kisa cha Tasmania.

Vigezo vya kupimia

Idadi ya siku si kigezo kizuri. Serikali ya saa saba inaweza kuwa na mengi ya kusema kuliko ya miezi mitatu, na anayechagua kisa kwa sababu tu ni kifupi kuliko vyote atakuta amepata kichwa cha habari bila hoja. Ninapendekeza tuangalie mambo manne: serikali iliingiaje madarakani, mgogoro wake ulikuwa wapi hasa, kwa gavana, bungeni, ndani ya chama au mitaani, iliacha nini katika sheria na siasa za jimbo, na kazi ya kuitafiti ina ugumu gani kwa mtu aliye mbali na Australia.

Jinsi zilivyoingia madarakani

Serikali ya Philp ilizaliwa na kukataa kwa gavana. Mtangulizi wake, William Kidston, aliongoza baraza la chini kwa msaada wa Labor, lakini miswada yake, ukiwamo ule wa bodi za mishahara na ule wa marekebisho ya uchaguzi, ilikwama katika baraza la juu, ambalo wajumbe wake waliteuliwa kwa maisha yao yote. Kidston alimtaka gavana, Lord Chelmsford, aahidi kuteua wajumbe wapya wa kutosha ili miswada ipite. Chelmsford, ambaye baba yake ndiye aliyeongoza jeshi la Waingereza katika vita dhidi ya Wazulu mwaka 1879, alikataa, na Kidston akajiuzulu mwezi Novemba 1907. Philp alikuwa mfanyabiashara mzaliwa wa Glasgow na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Burns Philp. Alikwisha kuwa waziri kiongozi mwaka 1899, baada ya kuanguka kwa Dawson, hadi 1903, na sasa alikubali kuunda serikali akijua wazi kwamba hana wingi wa wabunge.

Earle aliingia kwa njia ya kawaida zaidi. Uchaguzi wa Aprili 1909 ulikuwa wa kwanza kufanyika Tasmania nzima kwa mfumo wa uwiano unaoitwa Hare-Clark, ambao hugawa viti kwa kadiri ya kura, na Labor ilipata viti 12 kati ya 30. Wapinzani wa Labor walikuwa wengi, lakini hawakuwa wamoja. Serikali ya Elliott Lewis ilipokosa kuungwa mkono na baadhi ya watu wa upande wake mwenyewe, gavana alimwita kiongozi wa kambi kubwa ya upinzani, naye alikuwa Earle, mtu aliyejifunza uhunzi ujanani na kufanya kazi migodini magharibi mwa kisiwa. Ilikuwa serikali ya kwanza ya Labor katika jimbo hilo.

Colebatch hakupita uchaguzi wala kura ya bunge. Henry Lefroy alikuwa amepoteza imani ya wenzake wa chama, akajiuzulu, na Colebatch, mmiliki wa gazeti katika mji wa Northam na waziri katika serikali hiyo, akachukua nafasi. Tatizo lilikuwa kwamba alikuwa mjumbe wa baraza la juu, na ilitarajiwa kwamba waziri kiongozi aketi katika baraza la chini, mahali fedha za serikali zinapojadiliwa. Hadi leo ndiye pekee aliyewahi kuongoza serikali ya jimbo hilo akiwa katika baraza la juu.

Fuller ndiye mwenye maelezo marefu, na ni lazima yafuatwe kwa mpangilio, kwa kuwa bila hesabu ya viti kisa chake hakieleweki. Uchaguzi wa 1920, uliofanywa pia kwa mfumo wa uwiano, uliipa Labor viti 43 katika baraza la wabunge 90. Chama cha Nationalist, cha Fuller mwenyewe, kilipata 28, na chama cha Progressive, kilichowakilisha zaidi wakulima pamoja na baadhi ya watu wa mjini, kilipata 15; vinne vilivyobaki vilikwenda kwa wengine. Labor chini ya John Storey iliunda serikali, na ili isipoteze kura hata moja ikamshawishi Daniel Levy, mbunge wa Nationalist, awe Spika. Spika hapigi kura ila zinapolingana, kwa hiyo kiti hicho kiliupunguzia upinzani mtu mmoja, na mtu huyo mmoja ndiye aliyetosha kuiweka Labor madarakani. Storey alifariki mwezi Oktoba 1921, akafuatwa na James Dooley. Desemba 1921 Levy aliachia kiti cha Spika, ikabidi mbunge wa Labor, Simon Hickey, akikalie, na mara serikali ikashindwa bungeni kwa kura moja. Dooley alimwomba gavana, Sir Walter Davidson, avunje bunge. Gavana alikataa, akamwita Fuller.

Mgogoro ulikuwa wapi

Katika Queensland mgogoro ulikuwa juu ya madaraka ya gavana, nao una pande mbili ambazo mtafiti hapaswi kuzitenganisha. Chelmsford alikataa ushauri wa waziri kiongozi aliyekuwa na wingi wa wabunge, kisha akakubali ushauri wa asiyekuwa nao. Baraza la chini lilikataa kumpa Philp fedha za kuendeshea serikali; badala ya kumwondoa, gavana alivunja bunge na kuitisha uchaguzi. Wapo watakaosema kwamba gavana alifanya lililokuwa sahihi, kwa kuwa kuteua wajumbe wa baraza la juu kwa amri ya waziri kiongozi kungeligeuza baraza hilo kuwa mhuri tu, na wananchi ndio waliostahili kuamua. Wapo pia watakaosema kwamba serikali iliyonyimwa fedha na wawakilishi waliochaguliwa haina haki ya kukaa ofisini hata siku moja, achilia mbali kusimamia uchaguzi. Naona hoja zote mbili zina uzito, na ndiyo sababu kisa hiki kinawafaa wanaopenda mjadala wa kikatiba kuliko wanaotafuta matukio. Wapiga kura walijibu tarehe 5 Februari 1908: Philp alishindwa, na Kidston akarudi.

Katika Tasmania mgogoro ulikuwa bungeni, na ulikuwa mdogo. Kambi iliyogawanyika iliungana tena ilipoona kiti kimekaliwa na Labor, na ndani ya juma moja Earle akaondolewa, Lewis akarejea. Hakuna fumbo la kikatiba hapa. Lipo swali la kisiasa kuhusu vyama: je, hofu ya mpinzani wa pamoja ndiyo iliyowafanya watu waliokuwa wanagombana wawe chama kimoja? Swali hilo linaweza kubeba insha, lakini tasnifu ndefu itahitaji kuongezewa mambo mengine.

Katika Australia Magharibi mgogoro ulitoka nje ya bunge kabisa. Tangu mgomo wa 1917, bandari ya Fremantle ilikuwa na vyama viwili vya makuli: kile cha zamani, na kile cha waliochukua kazi wakati wa mgomo na kupewa upendeleo tangu hapo. Mwaka 1919 meli ya Dimboola ilifika wakati homa kubwa ya mafua ikiendelea kuenea duniani, na makuli wa chama cha zamani wakakataa kuipakua kabla ya muda wa karantini kwisha. Mvutano ukakua. Jumapili tarehe 4 Mei Colebatch mwenyewe alisafiri kwa boti kutoka Perth kupitia mto Swan, akiwa na watu wa kujitolea, ili kuweka vizuizi gatini. Walirushiwa mawe na vipande vya chuma kutoka darajani, na gatini polisi wakakabiliana na makuli. Mfanyakazi mmoja, Tom Edwards, alipigwa kichwani na kufariki tarehe 7 Mei. Siku chache baadaye serikali ililegeza msimamo, na makuli wa chama kipya wakaondolewa gatini. Waziri kiongozi aliyekwenda na kikosi kwa mguu wake alikuwa amekubali karibu yote yaliyodaiwa, na bado hakuwa amepata jimbo la uchaguzi katika baraza la chini. Afya yake nayo ilikuwa imedhoofika. Alijiuzulu baada ya mwezi mmoja, akafuatwa na James Mitchell.

Katika New South Wales mgogoro uligusa gavana, Spika na chama kwa wakati mmoja. Fuller alitegemea kuungana na Progressive, lakini chama hicho kilipasuka juu ya jambo hilo hilo: kundi la Walter Wearne lilikubali kuingia katika serikali ya muungano, na kundi la wabunge wa vijijini, likiongozwa na Michael Bruxner, lilikataa kumezwa. Wakati huohuo Hickey aliachia uspika, Levy akakubali kuurudia, na hesabu ikarudi palepale ilipokuwa kabla ya mwezi huo. Fuller alishindwa katika hoja ya kuahirisha kikao, akaomba bunge livunjwe, akakataliwa kama Dooley alivyokataliwa kabla yake, akajiuzulu. Dooley akarudishwa madarakani, na safari hii alipoomba uchaguzi akapewa. Gavana aliyewakatalia wawili na kumkubalia mmoja wao baadaye hakujipinga: alikataa kila mara palipokuwa na mtu mwingine ambaye bado hajajaribiwa, au aliyeweza kurudi, na akakubali njia zote zilipokwisha. Hiyo ni kanuni inayoweza kuelezwa darasani kwa dakika tano, na ni nadra kuipata ikiwa imejitokeza yote ndani ya siku chache.

Zilichoacha

Philp, licha ya kushindwa, ndiye ambaye kisa chake kina urithi mrefu zaidi. Kidston aliporudi alipitisha mwaka 1908 sheria iliyoruhusu muswada uliokataliwa mara mbili na baraza la juu upelekwe kwa wananchi kwa kura ya maoni. Sheria hiyo ilitumika mwaka 1917 kuwauliza wananchi kama baraza la juu lifutwe, nao wakakataa. Miaka michache baadaye serikali ya Labor ilipata lile alilonyimwa Kidston: uteuzi wa wajumbe wapya kwa wingi, ambao walipiga kura ya kujifuta wenyewe, na tangu 1922 Queensland ni jimbo pekee la Australia lenye bunge la baraza moja. Ajabu ya kisa hiki ni kwamba Kidston na Philp, waliokuwa wamegawanya jimbo zima mwezi Februari 1908, waliunganisha vyama vyao kabla mwaka huo haujaisha.

Serikali ya kwanza ya Earle haikuacha sheria yoyote ya kutajwa. Faida yake ni kuwa utangulizi wa serikali yake ya pili, ya Aprili 1914 hadi Aprili 1916. Safari hiyo Gavana Ellison-Macartney alimpa madaraka kwa sharti kwamba aombe bunge livunjwe mara moja. Earle alichukua madaraka kisha akalipinga sharti, bunge likamuunga mkono, na Waziri wa Makoloni huko London akaamua kwamba gavana hakuwa na haki ya kuweka sharti la namna hiyo. Anayesoma juma la 1909 peke yake hatalikuta jambo hili. Anayeyasoma yote mawili atakuwa na kazi nzuri kuhusu namna chama kinavyojifunza kutawala. Earle mwenyewe alikihama Labor katika mgogoro wa kulazimisha watu kwenda vitani mwaka 1916, akaishia kuwa seneta wa upande wa pili.

Urithi wa Colebatch uko kwenye kumbukumbu za wafanyakazi kuliko kwenye vitabu vya sheria. Makuli wa chama cha zamani walirudi gatini, na Edwards alijengewa chemchemi ya kumbukumbu Fremantle. Colebatch hakupotea katika siasa: alikuwa seneta kuanzia 1929 hadi 1933, kisha akawa miongoni mwa waliokwenda London kutetea kujitenga kwa jimbo lake baada ya kura ya maoni ya 1933.

Fuller alishinda uchaguzi wa Machi 1922 na kutawala kuanzia tarehe 13 Aprili mwaka huo hadi Juni 1925, kwa hiyo saa saba zake zilikuwa mlango wa serikali ya miaka mitatu. Lakini lililodumu zaidi lilitoka kwa waliomkatalia. Kundi la Bruxner ndilo lililokuwa chama cha wakulima cha jimbo hilo, na Bruxner alikuwa naibu waziri kiongozi kwa karibu muongo mzima kuanzia 1932.

Ugumu wa kuzitafiti

Kwa bahati nzuri magazeti ya Australia ya miaka hiyo yamewekwa katika mkusanyo wa kidijitali uitwao Trove, wa Maktaba ya Taifa ya Australia, nao husomwa bila malipo. Mtu aliye Dodoma au Eldoret anaweza kulifuata tukio siku kwa siku. Tahadhari moja ni kwamba magazeti makubwa ya kila siku kwa kawaida yalikuwa upande wa wenye mali, na habari za Labor ziliandikwa kwa jicho hilo. Kwa Queensland yafaa kusoma pia gazeti la wafanyakazi la Brisbane, The Worker. Kwa Fremantle lipo Westralian Worker, ambalo wakati huo mhariri wake alikuwa John Curtin, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa Australia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Magazeti ya wafanyakazi nayo yana upande, na mtafiti wa Fremantle hasa atajikuta na masimulizi mawili ya Jumapili ile ile ambayo hayakubaliani kuhusu nani alianza.

Tasmania ina habari chache kwa sababu juma moja halizai habari nyingi. New South Wales ina nyingi, ila zinahitaji mtu mwenye subira ya kuhesabu kura na kufuata nani alihama upande lini. Queensland inahitaji ujuzi wa sheria za katiba, na bila ujuzi huo msomaji atabaki na orodha ya tarehe.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama unasoma sheria, au swali lako ni mipaka ya mkuu wa nchi asiyechaguliwa anapomkatalia aliyechaguliwa, anza na Queensland. Ina hoja za pande zote mbili na ina mwisho unaoonekana katika katiba ya jimbo. Haimfai mwenye insha ya kurasa tano, kwa sababu maelezo ya baraza la juu peke yake yatamaliza nafasi.

Kama una insha fupi na muda mchache, Tasmania itakutosha, mradi uunganishe 1909 na 1914. Inamfaa pia anayeandika kuhusu mwanzo wa vyama vya wafanyakazi kama vyama vya utawala, au kuhusu matokeo ya mfumo wa uwiano katika bunge dogo.

Kama wewe ni mwanahistoria wa kazi, bandari au magonjwa ya mlipuko, au unataka kisa cha kuwasomea watu wasiozoea siasa za bunge, Fremantle ya 1919 itakupa watu, mahali na uamuzi wa kuhukumu. Anayefanya utafiti juu ya migomo ya makuli wa Mombasa au Dar es Salaam katika miaka ya 1930 na 1940 atapata hapo jambo la kulinganisha: serikali inapotumia kundi moja la wafanyakazi dhidi ya jingine. Lakini kama swali lako ni madaraka ya bunge, hiki si kisa chako, kwa kuwa bunge lilihusika kidogo sana na kuanguka kwa Colebatch.

Mwalimu wa sayansi ya siasa anayetaka somo moja lenye kura ya bunge, kiti cha Spika, mpasuko wa chama na uvunjaji wa bunge, na achukue New South Wales. Kisa hicho kinamfaa pia mtafiti anayetaka kukiweka kando ya Zanzibar ya Januari 1961, ambako Afro-Shirazi Party (ASP) ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party (ZNP) 9 na Zanzibar and Pemba People's Party (ZPPP) 3, kisha ZPPP ikapasuka, kambi zikalingana 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa mwezi Juni. Katika visa vyote viwili kilichoamua ni mgawanyiko wa chama kidogo cha tatu. Tofauti ni kwamba Sydney gavana aliweza kwanza kumjaribu kiongozi mwingine, na Unguja hapakuwa na kiongozi wa kujaribiwa mwenye viti vingi kuliko mwenzake. Mtafiti ataanzia kwenye tofauti hiyo.

Asiyeweza bado kuamua asome kwanza magazeti ya juma moja tu la kila kisa: la kuapishwa kwa Philp, la Oktoba 1909, la kuanzia tarehe 4 Mei 1919, na la kuanzia tarehe 13 Desemba 1921. Atakaloona anarudi kulisoma usiku bila kulazimishwa, hilo alichukue.